Orodha ya Wasiokaa

Balozi aliiona nafasi yake Jumatatu asubuhi, saa mbili na robo, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kwenye korido ya kliniki ya upasuaji. Alikuwa namba kumi na moja.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu mtu huyu. Balozi hakuwahi kuiwakilisha nchi yoyote. Jina alipewa mtaani kwa sababu ya kipaji chake cha kuwasemea watu ambao hawakumtuma. Aliwahi kumpangisha mtu nyumba ambayo mtu huyo alikuwa tayari anaishi humo. Aliwahi kumuuzia mwenye duka la miavuli habari za siri kuhusu mvua. Kazi kama hizo hufanywa na mtu aliyeketi, mguu juu ya mguu, chai mbele yake, na huu ulikuwa mwaka wa pili Balozi haketi.

Alikuwa na mpasuko kwenye njia ya haja kubwa. Mahali penyewe yeye alipaita "huku nyuma", kwa sauti ya chini, na akishapataja huangalia dari. Mpasuko wenyewe haukuzidi punje ya mchele, lakini kila alipotoka chooni alitoka na machozi, na moto wake ulimfuata saa mbili nzima. Alipaka dawa wiki nane. Alikula mboga za majani mpaka akachoka kuziona. Alikaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, akitafakari maisha. Mwishowe daktari akamwambia ukweli.

"Kidonda kimekuwa sugu. Msuli wa ndani umekaza, damu haifiki vizuri, ndiyo maana hakiponi. Tutaukata kidogo tu ulegee. Kazi ya dakika ishirini, na kesho yake uko nyumbani."

"Leo hii, daktari?"

"Jiandikishe kwa sista."

Hapo ndipo penye mambo. Siku nyingine zote daktari alikuwa na matumbo na mabusha ya watu, kwa hiyo wagonjwa wa huku nyuma walitengewa nafasi moja tu kwa wiki, Alhamisi. Kila Jumatatu sista alifungua daftari lake na kuwaita kwa namba, maana hakuna aliyetaka jina lake lipigwe kelele kwenye korido ile. Anayeitika anabaki kwenye orodha. Asiyeitika anakatwa kwa kalamu nyekundu, na walio nyuma yake wanasogea. Wote walisubiri wamesimama, bega moja ukutani, nyuso zimekunjamana, na mtu asiyejua angedhani ni watu wenye msimamo mkali wa kisiasa.

Jumatatu hiyo namba sita hakuitika. Sista akavuta kalamu, Balozi akawa wa kumi. Hapo alishusha mguu wake chini taratibu na kuwatazama wale tisa waliokuwa mbele yake.

Alianza na kiongozi wa kwaya, mtu mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Mwalimu, daktari amekwambia habari za upepo?"

"Upepo gani?"

"Msuli ukishakatwa. Kuuzuia inakuwa shida." Balozi akasogea karibu. "Zile nyimbo zenu, zina sehemu ya kimya?"

Kiongozi wa kwaya akafikiri. "Ziko tatu."

"Pole sana, ndugu yangu."

Tuwe waadilifu: daktari kweli alilisema jambo hilo. Alisema huwapata wachache, na kwa wengi wao ni kwa muda. Balozi aliondoa "wachache" na "kwa muda", akayaacha mengine kama yalivyo. Jumatatu iliyofuata namba ya kiongozi wa kwaya iliitwa mara tatu na hakuna aliyeitika.

Dereva wa lori aliambiwa hatashika usukani mwaka mzima. Huyo alikuwa rahisi, hakusubiri hata sentensi iishe. Kazi ilikuwa kwa mwenye nyumba, bwana mwenye kitambi na familia mbili, kila familia ikiamini iko peke yake. Balozi aliyajua hayo kwa kumsikiliza akipokea simu. Simu moja alikuwa safarini, nyingine alikuwa kikaoni.

"Ile dawa ya usingizi, mzee, inalegeza msuli. Na ulimi nao ni msuli."

"Una maana gani?"

"Mtu anaongea. Kila kitu. Mwezi uliopita jamaa mmoja alitaja mpaka alikozika sanduku. Sista anaandika."

"Anaandika ili iweje?"

"Anamsomea yule ndugu anayekuja kukuchukua. Sijui kwako atakuja nani."

Mwenye nyumba alitoka kwenye korido ile kwa mwendo ambao mwenye mpasuko hapaswi kuujaribu. Watatu waliobaki hawakuhitaji kuguswa. Hofu ikishaingia mahali pa kusubiri inajitembeza yenyewe, na mmoja wao alikimbia bila kujua anakimbia nini. Ukijumlisha na watatu waliofanyiwa upasuaji Alhamisi tatu mfululizo, mpaka Jumatatu ya nne Balozi alikuwa namba moja.

Na namba mbili alikuwa mama mshonaji.

Mama huyu alikuwa nyuma ya Balozi tangu siku ya kwanza. Alikuwa amekaa kwenye cherehani miaka thelathini, na sasa alikuwa akishona kwa kusimama, ameinama, mgongo ukimuuma. Wateja walishaanza kumtania kuwa mikono ya mashati yake haifanani. Kila Balozi aliposogea, naye alisogea. Na kwa kuwa hakuwa mbele yake, Balozi hakuwa na sababu ya kumdanganya, akawa anamsimulia kila kitu. Ndio udhaifu wa watu wa kazi hii. Ujanja ambao hakuna aliyeuona huwauma kuliko ugonjwa.

"Una akili sana, mwanangu," alisema mama mshonaji. "Mimi mbona hunitishi?"

"Wewe uko nyuma yangu, mama. Nikutishe kwa faida gani?"

Mama akalipima jibu hilo kama anayepima kitambaa, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Sasa Alhamisi za kliniki ile zilikuwa na utaratibu wake. Namba moja anakuja alfajiri akiwa hajala wala kunywa chochote tangu usiku. Namba mbili naye anakuja vivyo hivyo, na anaitwa wa akiba. Namba moja akiwa na homa, au akizimia kwa woga, wa akiba anaingia badala yake. Vinginevyo wa akiba anarudi nyumbani na njaa yake mpaka wiki ijayo.

Alhamisi hiyo, saa moja kasorobo asubuhi, walikuwa wamesimama wawili tu nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Upande wa pili walijipanga wanafunzi sita wa udaktari, makoti meupe mapya kabisa. Mmoja aliangusha kalamu, akaiokota, ikaanguka tena.

"Mwanangu, umekula?" aliuliza mama mshonaji.

"Si tumeambiwa tusile."

"Maskini." Akanyamaza.

Balozi alikuwa anaweza kuvumilia mengi, lakini si mtu kunyamaza katikati ya habari. "Maskini kwa nini?"

"Basi tu. Usije ukasema mimi ndiye niliyekwambia." Mama akawaonyesha wale sita kwa kidevu. "Binti wa dada yangu anafua mashuka humo ndani. Leo ndiyo siku yao ya mtihani. Wanapewa mgonjwa aliyefunga, maana hana hatari. Aliyekula ana hatari, kwa hiyo sheria inamkataza mwanafunzi kumgusa. Huyo anachukuliwa na bingwa mwenyewe, anachomwa ganzi ya mgongoni, na analazwa chumba cha peke yake."

Balozi akamtazama yule wa kalamu. Alikuwa akijifuta viganja kwenye koti.

"Hicho chumba kina choo?"

"Chake mwenyewe. Cha kukaa. Na mlango una komeo."

Tusimcheke upesi. Balozi alikuwa amekaa miaka miwili akilia kimya kimya kwenye choo cha wapangaji tisa, huku mtu akigonga mlango na kuuliza kama amefia humo. Isitoshe, katika maisha yake yote hajawahi kukutana na sheria isiyokuwa na mlango wa nyuma, na aliamini kwa dhati kwamba masharti huandikwa kwa ajili ya watu wasio na ndugu ndani.

"Na wewe mama, umekula?"

"Mkate na yai. Lakini mimi wa akiba tu, itanisaidia nini?"

Mlango ukafunguka. Sista akatoka na daftari.

"Namba moja. Umekula chochote?"

Balozi akajiweka sawa. "Nimekula, sista. Mkate, mayai matatu na chai ya maziwa."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Yai moja bado nalisikia hapa."

Kalamu nyekundu ikapita. Balozi akasubiri kuonyeshwa njia.

"Chumba changu ni kipi?"

"Chumba gani? Unarudi mkiani. Namba kumi na sita. Wale waliotoroka walirudi jana, wote sita, hata kutembea hawawezi. Nimewaandika mbele." Sista akageuka. "Wa akiba. Mama, umekula?"

"Tangu jana mchana, sista," alisema mama mshonaji, "hata maji."

Balozi alichukua muda kuielewa sentensi hiyo. Ilipomwingia, nusura aketi, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi.

"Sista, sijala. Nilikuwa nakudanganya."

"Kila Alhamisi aliyekula huniambia hajala."

"Mimi kweli sijala. Ninuse mdomo. Nisikilize tumbo, linanguruma."

Daktari akatokeza kichwa kuuliza kelele za nini, akaelezwa. "Ndugu yangu, mtu akilazwa usingizi na chakula tumboni anaweza kutapika, kikaingia kwenye mapafu. Siwezi kubahatisha roho yako kwa sababu umebadilisha maneno."

"Yeye ndiye aliyekula. Mkate na yai, amenieleza mwenyewe."

Wote wakamtazama mama mshonaji. Alikuwa amesimama ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, midomo imekauka kwa kiu ya kweli. Wale wanafunzi sita walimtazama Balozi kwa macho ya kulaumu. Mlango ukafungwa. Miaka ishirini Balozi alikuwa ameaminiwa na watu wenye elimu zao, na sasa alikuwa na jambo moja la kweli na hakuna wa kumpa.

Hakuondoka. Angekwenda wapi? Njaa ilimbana, lakini aliogopa kula, maana anayekula ataenda chooni. Saa kumi jioni alijipenyeza mpaka wodini.

Mama mshonaji alikuwa amelala ubavu, bilauri ya maji mkononi, uso umelainika. Sista alikuwa akimalizia maelekezo: beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi, jioni na kila atokapo chooni, mboga, matunda na maji mengi ili choo kiwe laini, dawa za maumivu kwa saa zake, asijikamue hata kidogo, wiki chache kidonda kitafunga. Alipoondoka, Balozi akasogea kitandani.

"Nani aliyekukata, mama? Wale wanafunzi?"

"Daktari mwenyewe. Wale walikuwa wanatazama tu. Wamenitazama sana."

"Na binti wa dada yako?"

"Sina dada, mwanangu."

Balozi akashika chuma cha kitanda. Alikuwa amekuja na hotuba ndefu, ameipanga tangu asubuhi, ina vitisho na ina laana. Alifungua mdomo aianze. Macho yalimjaa machozi, na safari hii hayakuwa ya kazini.

"Mama, inauma. Wiki kumi na sita. Mimi kweli kabisa inaniuma."

Mama mshonaji akanyoosha mkono, akaupapasa wa Balozi kwa huruma isiyo na mchezo.

"Najua, mwanangu," alisema. "Isingekuwa inauma hivyo ningekuachia."