Kaimu Mlinzi wa Siri za Raia

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa! Mkurugenzi wa ofisi yetu ya usajili wa vizazi ameniteua kaimu msimamizi wa taarifa za raia. Ijumaa anakuja mkaguzi. Akiridhika, nathibitishwa. Asiporidhika, cheo kinakwenda kwa mama wa masjala, ambaye tayari ananiita "kaimu" kwa sauti ya kumpa pole mgonjwa. Nimeanza kazi papo hapo. Fomu kuukuu zilizozagaa mezani, mia mbili na arobaini, nimemkabidhi mfagizi. Nimemwagiza azipoteze kabisa.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua karanga langoni. Karatasi iliyozifunga ni fomu ya kuzaliwa ya shemeji yangu, dada wa mke wangu. Mwaka wa kumi na tano huu anasema ana thelathini na tisa. Kumbe hamsini na minne. Nilimaliza karanga kwanza, kisha jasho likanitoka. Mfagizi, nilipombana, alisema fomu zote alimpa muuza karanga. Hakujua pengine pa kuzipotezea. Nimepata mpango. Nimenunua karanga zote. Muuzaji akaniuliza, mzee, una wageni au una njaa?

Jumatano, 5 Machi
Fomu zilizorudi ni sitini na moja kati ya mia mbili na arobaini. Tumbo linaunguruma kwa karanga. Mama wa masjala amepita mezani pangu, akasema, kaimu, kumbe siri za raia zinalindwa kwa meno. Ofisi nzima ikacheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimegundua dawa! Kanuni zinasema raia ana haki ya kujulishwa taarifa zake zikivuja. Nimelifungua daftari la masjala na kuandika tangazo kwa mwandiko safi: majina kamili ya wote, tarehe za kuzaliwa, majina ya mama zao, mitaa na simu, asije mtu akachanganywa na mwenzake. Nimebandika nakala kumi langoni. Watu wamefurika, wengine wanapiga picha. Sijawahi kuona raia wakipenda kusoma namna hii.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi alilisoma tangazo mpaka mwisho, akauliza limeandikwa na nani. Nilijitokeza haraka, mama wa masjala asije akanipora sifa. Nyuma ya mkaguzi alisimama shemeji, mkono kiunoni. Fundi wake wa nguo, aliyemwita dada siku zote, asubuhi amemwamkia shikamoo. Akaniambia, shemeji, mimi miaka yangu nimeificha miaka kumi na mitano bila kabati wala kufuli. Wewe umeshindwa wiki moja.
Cheo amepewa mama wa masjala.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamriwa kuwaomba radhi raia wote, kila mmoja kwa barua yake ya siri. Barua mia mbili na arobaini! Nimebuni njia bora: barua moja tu, majina yote juu, na mbele ya kila jina siri iliyovuja, ili ajue anaombwa radhi kwa lipi. Kila mmoja atapata nakala. Jumatatu mkurugenzi atajuta kunivua cheo.