Kikosi cha Wanyanyua Wastani

Chuo cha Kilele, chenye makao makuu Riyadh na tawi Jeddah, kilitangaza kwa furaha isiyo kifani kwamba tatizo la wanamichezo wasiopenda kusoma limekwisha. Tangazo lilibandikwa kwenye milango yote ya tawi la Jeddah, hata mlango wa jiko. Lilisema kwamba kuanzia mwaka huu hakuna atakayesajiliwa kwa misuli mitupu. Kila timu itapimwa wastani wa alama zake za mtihani wa sekondari, na wastani huo usipofika themanini, timu nzima itarudi nyumbani, kuanzia nahodha mpaka mtunza viatu.

Aliyeliandika tangazo hilo ni Bwana Ghalib, msajili msaidizi, dirisha namba nne. Wazazi wake walitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na marehemu baba yake alikuwa karani bandarini Jeddah hadi kustaafu. Hakumwachia mwanawe nyumba wala shamba. Alimwachia mapenzi ya mhuri. Ghalib ndiye aliyeitunga Kanuni ya Kumi na Nne, msingi wa tangazo hilo, yenye vifungu vinane, na katika kifungu cha tatu aliweka nukta mkato moja ambayo mpaka leo huifungua kwenye kompyuta kuitazama tu.

Ugumu ulijitokeza wiki iliyofuata. Timu ya wasichana ya mpira wa wavu, mabingwa mara tatu, ilikuwa na wachezaji sita hodari ajabu, na wastani wao ulikuwa sitini na mbili. Kamati ya Udahili ikaketi chini ya Mwenyekiti wake, Dakta Fuad, mtu mwenye kifua kipana na kalamu tano mfukoni. Pendekezo la kuwafukuza wachezaji lilitupwa, maana kombe lilikuwa linakuja. Pendekezo la kuwafundisha lilitupwa pia, kwa kuwa halijawahi kufanyika kokote na Kamati haikutaka kuwa ya kwanza. Ndipo Dakta Fuad alipoinua kidole.

"Ya Ghalib, kanuni yako inasema mchezaji lazima acheze?"

Ghalib alipekua vifungu vyote vinane. "La, Dakta. Inasema awe orodhani."

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa cheo kipya katika historia ya michezo: Mnyanyua Wastani. Huyu ni msichana mwenye alama kubwa anayesajiliwa timuni ili akae benchi na alama zake. Haruhusiwi kugusa mpira, kwa sababu akivunjika kidole hataweza kushika kalamu. Haruhusiwi kushangilia kwa kusimama, asije akateguka. Huvaa kofia ngumu kama ya mjenzi, kulinda kile alichosajiliwa nacho. Wenzake wanapopasha misuli moto, yeye hupasha jedwali la kuzidisha.

Wakapatikana sita. Wastani ukapanda hadi sabini na nane nukta tisa, ukagoma hapo. Alihitajika mmoja zaidi, na maskauti wawili wenye miwani myeusi wakatumwa kutoka Riyadh kumtafuta.

Sasa tuingie nyumbani kwa Ghalib, mtaa wa Al-Safa, ambako mambo hayakuwa ya kuchekesha. Binti yake Lina alikuwa amepata tisini na saba. Alitaka uhandisi wa bandari. Tangu yu mdogo, babu yake akimpeleka kutazama winchi ya kupakulia meli, aliwauliza watu kwa nini haianguki. Chuo chenye fani hiyo ni kimoja tu, Kilele, na mlango wa masomo wa Kilele unataka tisini na nane. Barua ya kumkataa iliandikwa na baba yake mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaitia mhuri, akaileta nyumbani kwa mkono ili kuokoa muda. Lina alilia siku mbili. Ghalib naye alilia, chooni, bomba likiwa wazi.

Basi maskauti walipobisha hodi, mkewe Mwanakhamis alidhani wamekosea nyumba.

"Mpira? Huyu mwanangu ukimrushia chungwa hulikwepa," alisema.

"Mafi mpira, mama, hakuna mpira," alijibu skauti mmoja kwa heshima. "Tunataka kumwona akifanya hesabu."

Wakaketi sebuleni na saa ya kupimia mbio. Lina akapewa milinganyo mitatu, akaimaliza kabla kahawa haijamiminwa. Maskauti wakatazamana. Mmoja alisema kifundo cha mkono wake ni kizuri. Mwenzake akasema hajaona ukokotoaji wa namna ile tangu msimu wa juzi. Wakatoa fomu.

Lina akamgeukia baba yake. "Kwa hiyo, baba, kwa mlango wa masomo sikufaa, na kwa mlango wa mpira nimefaa kwa sababu ya masomo?"

"Hukufikia kiwango, mwanangu."

"Na wale wa sitini?"

"Wale watafikia. Kiwango chao ni themanini, kwa timu nzima."

"Basi na mimi tisini na saba zangu—"

"Zimezidi kiwango. Ndiyo maana umesajiliwa." Ghalib alisema hivyo akiamini kila neno, na kwa furaha iliyomjaa akambusu bintiye kwenye paji la uso. Mwanakhamis aliwatazama wote wawili, akaenda jikoni kucheka peke yake.

Na ieleweke kwamba taratibu zilifuatwa. Jina la Lina lilipojadiliwa Kamatini, Ghalib alitangaza mgongano wa maslahi, akatoka nje, akafunga mlango na kutega sikio kwenye tundu la ufunguo. Lina alipita. Wastani ukafika themanini nukta tatu. Orodha ingefungwa saa sita mchana siku ya fainali kule Riyadh, na baada ya hapo kila aliye orodhani angekuwa mwanafunzi kamili wa Kilele, kwa fani aitakayo.

Zilikuwa zimebaki siku nne Dakta Fuad alipofika dirisha namba nne akitabasamu.

"Ghalib, nimesoma utaratibu wa jukwaa la fainali. Kumbe mimi nitakabidhi medali tu. Sitavishwa."

"Huvishwa walio orodhani, Dakta."

"Miaka ishirini na mbili nawavisha wengine. Shingo yangu haijawahi kuvishwa kitu. Niweke orodhani. Nahodha wa Heshima."

"Mfumo haujali jinsia wala umri, Dakta. Unajali cheti cha sekondari tu."

Dakta alileta shahada yake ya uzamivu, ya heshima, yenye utepe. Mfumo ukaikataa. Alileta picha yake akipeana mkono na mtu mwenye suti. Mfumo ukaikataa. Siku ya tatu cheti chenyewe kikafukuliwa kutoka kabati la makumbusho ya familia, na Ghalib akakifunua polepole. Hamsini na tatu.

"Andika tisini na tano," alisema Dakta Fuad. "Yalla, haraka. Halas, imekwisha."

Hapa maji yalimfika Ghalib shingoni. Alijua hesabu. Akiandika tisini na tano, timu inapita, Lina anasoma, bosi anavishwa, na dunia inaendelea kuzunguka. Akiandika hamsini na tatu, wastani unaporomoka hadi sabini na nane na kitu, na jina la Lina linafutika pamoja na la kila mtu. Aliogopa, wala sitamsingizia ushujaa. Kidole chake kilikwenda kwenye tisa na kikatulia juu yake kwa muda. Lakini miaka ishirini na sita hakikuwahi kuandika namba isiyokuwepo, na hakikujua jinsi jambo hilo linavyoanza. Kikaandika hamsini na tatu. Skrini ikawa nyekundu.

"Umefanya nini?" aliuliza Dakta.

"Nimenakili, Dakta."

Njia zilibaki mbili. Ya kwanza ni Fomu ya Kujitoa kwa Kukosa Sifa za Kitaaluma, ambayo hubandikwa ubaoni siku thelathini, pamoja na picha, kwa ajili ya uwazi; Dakta mwenyewe ndiye aliyesisitiza picha iwe ya rangi. Ya pili ni kifungu cha sita: mwanariadha aliyepungukiwa anaweza kurudia mtihani kabla ya orodha kufungwa. Dakta Fuad aliitazama nafasi ya picha kwenye ile fomu, akasema atarudia mtihani.

Nyumbani, Mwanakhamis aliposikia, aliweka mwiko chini.

"Baba Lina, weye una akili? Namba moja tu ilikushinda, na mwana wako yumo ndani?"

"Haikuwa namba yake, Mwanakhamis."

"Na ya mwanao je? Nani ataibeba?"

Ghalib aliuokota mwiko, akaufuta. Lina ndiye aliyenyanyua kichwa kutoka mezani.

"Anahitaji sabini na sita," alisema. "Nimepiga hesabu. Sabini na sita kamili, wastani unagota themanini. Mleteni."

Kanuni inamtaka mwanariadha asafiri na kikosi chake. Kwa hiyo Mwenyekiti wa Udahili alipanda basi la timu kutoka Jeddah kwenda Riyadh, mwendo wa saa kumi, akikaa kiti cha mbele na kofia ngumu kichwani, kwa kuwa kofia ni ya lazima kwa kila anayetumia kichwa chake rasmi. Nyuma yake wanyanyua wastani saba walipokezana: huyu sehemu, yule asilimia, Lina aljebra. Wachezaji sita wa kweli walitega masikio, na walipofika nusu ya safari mmoja wao, mpiga smashi mwenye sitini, alijibu swali kabla ya Dakta. Basi zima likapiga makofi wakiwa wamekaa.

Dereva alikuwa Protus, Mkenya wa Busia, ambaye kabla ya kuja Saudia alifundisha hesabu shule ya msingi miaka minne, jambo ambalo hakuna mfumo uliowahi kumuuliza.

"Mzee Ghalib," alisema huku akitazama barabara, "nimebeba watu wengi hii njia, but hii ni ya kwanza. Mwenye chuo ndio anafunzwa, na wanafunzi ndio wako na chuo."

"Ni utaratibu, Protus."

"Sawa tu. Lakini mwambie huyo bosi x ikivuka upande ule mwingine inabadilisha alama, jumlisha inakuwa toa. Amekosea hiyo kitu tangu tupite Taif, na mimi roho inaniuma nikishika usukani."

Dakta Fuad alisikia. Kisha akaiandika, akaitazama, akacheka kicheko ambacho watu wa ofisini hawakuwahi kukisikia. "Inabadilisha," alisema. "Miaka yote hii, kumbe inabadilisha tu."

Mtihani ulifanyika asubuhi ya siku ya fainali, makao makuu, mtaa wa Malaz, katika ukumbi wenye viti mia mbili na mtahiniwa mmoja. Ghalib alisimamia. Akawa anazunguka kati ya viti vitupu akikagua kama kuna anayeibia. Dakta alitokwa jasho, alihesabu kwa vidole vya mikono, alivua viatu. Saa tano na nusu karatasi ilisahihishwa. Sabini na sita.

Walikumbatiana, mkubwa na mdogo, mmoja akiwa hana viatu. Ghalib alilia, na safari hii hakufungua bomba. Saa tano na dakika hamsini na nane skrini ikawa kijani: themanini kamili. Lina alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa bandari.

Jioni timu ilishinda seti tatu kwa moja, wanyanyua wastani wakiwa wametulia benchi kishujaa. Dakta Fuad aliinamisha shingo akavishwa medali, akatoa machozi mbele ya wadau wote, na waandishi wakaambiwa Kanuni ya Kumi na Nne ni mfano kwa mataifa.

Jumapili iliyofuata, tawini Jeddah, mtu alisimama kwenye foleni ya dirisha namba nne, nyuma ya vijana kumi na mmoja. Zamu yake ilipofika, Ghalib aliinua macho akamwona Dakta Fuad, medali shingoni, karatasi mkononi.

"Ghalib, kuna kosa. Nimeletewa ratiba. Wanasema mimi ni mwaka wa kwanza."

"Hakuna kosa, Dakta. Kila aliye orodhani saa sita ni mwanafunzi kamili. Miaka minne."

"Na ofisi yangu imefungwa. Kitasa kimebadilishwa."

"Kifungu cha nane. Mwanafunzi haruhusiwi kushika madaraka ya udahili. Ulikipigia mstari mwenyewe, kwa wino mwekundu."

Dakta aliikunja ratiba. "Basi nipe fomu. Najitoa. Bandikeni picha, hata ya rangi."

Ghalib alimpa fomu kwa mikono miwili, kama anavyowapa wote. Dakta akaijaza palepale, akaisukuma chini ya kioo. Ghalib akaisoma yote, kisha akairudisha.

"Hapa chini panataka sahihi ya Mwenyekiti wa Udahili."

"Mwenyekiti ni mimi."

"Ulikuwa, Dakta. Sasa hayupo."

"Atapatikana lini?"

"Akiteuliwa na Kamati."

"Na Kamati inakutana lini?"

Ghalib aliifungua kanuni yake, akaisoma kwa makini mpaka mwisho, maana hakupenda kumjibu mtu kwa kubahatisha. "Ikiitishwa na Mwenyekiti."

Foleni nyuma ilianza kukohoa. Dakta Fuad alibaki ameshika fomu, akimtazama Ghalib kwa macho ya mtu anayeiona nukta mkato kwa mara ya kwanza.

"Aljebra ni saa mbili, chumba cha tisa," alisema Ghalib kwa upole. "Nenda, baba. Ukikosa vipindi vitatu unashusha wastani wa timu, na binti yangu yumo."