Foliki za Mke Asiyekuwepo

Jumatatu, 3 Julai 2006
Majibu ya damu yamerudi kutoka Dar. Homosisteini iko juu! Daktari anasema kila mtu anayo kwenye damu, ila ikizidi huenda inachochea uvimbe, na utumbo wangu mpana umeshavimba hadi natoka damu chooni. Nimeze foliki, vidonge vya vitamini vya kuishusha. Akauliza nani ananipikia. Nikasema mke wangu. Uongo mtupu. Veronika anafundisha Iringa, anasema Mtwara ni mbali. Nimempigia, nikaona aibu kutaja damu chooni. Nikasema nina homosisteini. Akasema ninywe maji mengi.

Jumanne, 4 Julai
Foliki hakuna, nimezunguka maduka ya dawa mtaa wa Chikongola mzima. Zipo kliniki ya wajawazito tu. Basi nikatumia akili. Nikapanga foleni na kina mama, nikamwambia nesi Mastura nimetumwa na mke wangu. Akauliza mimba ina miezi mingapi. Mimi kichwani nilikuwa nahesabu miezi tangu nimwone Veronika mara ya mwisho. Nikasema kumi na mmoja. Loo! Walicheka mpaka benchi likatikisika. Nami nikacheka. Sijacheka na watu tangu Pasaka. Vidonge nikapewa.

Jumatano, 5 Julai
Mke wa Anold alikuwepo foleni. Anold ni karani mwenzangu pale bandarini, kiherehere namba moja. Ofisi nzima inanipa hongera ya mtoto. Na Veronika naye kapigiwa simu ya hongera! Sasa hapokei simu yangu. Nimekula mchicha peke yangu, nimesimama.

Jumamosi, 8 Julai
Veronika huyo mlangoni! Hata salamu hakuna. Kafungua kabati, kachungulia uvunguni, akaniuliza yuko wapi huyo mjamzito. Nikampa karatasi ya daktari. Akaisoma mara mbili, akakaa kitandani akalia. Akasema, kumbe natoka damu na sikumwambia? Jioni kapika matembele na maharage. Tumekula mkekani, magoti yanagusana. Jamani, nilikuwa nimesahau.

Jumanne, 11 Julai
Kaondoka na basi la asubuhi, ruhusa yake imekwisha. Kanihesabia vile vidonge vya kliniki, vinatosha mwezi mzima, kaniapisha nivimeze vyote. Agosti damu ipimwe tena. Homosisteini ikiwa bado juu, atachukua likizo aje aniuguze mwenyewe.

Nyumba kimya. Nikafikiri sana, na mimi nikifikiri huwa nafikiri kweli.

Vidonge nimevitumbukiza vyote chooni. Tumbo linasokota, ila Agosti si mbali.