Kundi la Majaribio na Mdomo Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya tisa bila sukari! Nimeandika hivyo kundini, nikaongeza kwamba magoti yangu sasa ni ya kijana. Watu kumi na wanne wakajibu, "Nimesikia."

Daftari, wewe huna mdomo, basi nikwambie. Hata hiyo siku ya kwanza haikufika saa nne asubuhi. Chai hii hapa ina vijiko vitatu.

Kundi letu la simu ni la majaribio. Kila mtu anajaribu jambo lake mwezi mzima, wenzake wanamtia moyo. Mkuu wa kundi, muuguzi mstaafu, kaweka sheria: mtu akileta habari zake, jibu "Nimesikia." Ushauri hautolewi mpaka auombe mwenyewe. Jamani! Nimeshona nguo miaka arobaini, nimeshauri watu mpaka kuhusu viuno vyao. Leo ninyamaze?

Jumanne, 4 Machi
Fundi saa wa mtaa wa nyuma ana kigugumizi. Anasoma ukurasa mmoja kwa sauti kila siku na kututumia. Jumapili anamwozesha binti yake, na anataka kusema maneno yake mwenyewe ukumbini. Kwenye harusi ya binti wa kwanza alimpa shemeji yake karatasi asome. Hajajisamehe.

Leo amekwama kwenye "mwanangu". Nusu dakika nzima! Niliumia, kweli. Ila nikaona na nafasi yangu ya kusifiwa: muuguzi anasifiwa mno kwa upole wake. Nikausoma ukurasa uleule mimi, kwa madaha, nikautuma kundini: "Hivi ndivyo, mdogo wangu. Vuta pumzi kwanza." Kazi safi!

Alhamisi, 6 Machi
Fundi saa kimya siku mbili. Muuguzi kaniandikia pembeni kwamba nimemvunja mtu moyo mbele za watu. Nikamjibu kuwa huo ni wivu.

Mke wangu kaisikiliza ile sauti yangu, akauliza nani aliniomba. Nikasema hakuna. Akasema, "Haya." Hiyo haya naisikia mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kibandani kwake. Saa zimejaa ukutani, kila moja na wakati wake. Hakuniinulia macho. Nikaomba radhi, kwa taabu, maana sina mazoea. Akasema, vipande vipande, kwamba walimu wamejaa tele. Yeye alitafuta masikio. Karatasi atampa shemeji, basi.

Nikavuta kigoda, nikamwambia asome, sitasema kitu. Akasoma. Akakwama palepale. Nikauma ulimi, kwa meno kabisa, umevimba. Nikahesabu misumari ya dari. Dakika kumi! Akavuka. Nikasema, "Nimesikia." Akacheka: "Mzee, jasho lote hilo, utadhani umesoma wewe!"

Jumapili, 9 Machi
Amesimama mwenyewe. Shemeji hana karatasi. Kwenye "mwanangu" akakwama. Nikainuka nimsaidie, mke wangu akanivuta koti nikakaa kwa kishindo. Fundi akangoja. Neno likaja, na mengine yakalifuata. Bibi harusi alilia. Mimi ni vumbi tu lililoniingia machoni.

Jumatatu, 10 Machi
Nimejifunza! Mtu mpya kabisa.

Muuguzi ameanza jaribio lake: kulala bila mto. Kaandika kwamba shingo inamuuma. Hakuomba ushauri, nami sikumshauri. Nilimtumia tu sauti nane za kumweleza jinsi ninavyojizuia kumshauri, na picha ya mto niliomshonea tayari, ili aone ninachojizuia nacho.

Kaniondoa kundini. Uonevu mtupu!

Nimemwandikia fundi saa: "Mdogo wangu, nilinyamaza dakika kumi nzima kwa ajili yako, na ulimi bado umevimba. Fadhila hiyo hujairudisha. Niazime simu yako kidogo tu, niingie kundini kwa jina lako. Ile sauti ya tisa, niliyokuwa bado sijamtumia, ndiyo yenye maana."