Namna Nilivyoikimbia Dripu

Jumatatu, 9 Juni

Mvua. Mji wote wa Pelotas umelowa, na mkono wangu wa kulia unawaka moto. Mwaka jana nilianguka kwenye ngazi. Mfupa ukaunga, maumivu yakagoma kuondoka. Hata shuka likinigusa napiga kelele. Kinyozi asiyeweza kushika mkasi! Saluni nimeifunga tangu Machi, nami nimejifungia ndani kama saluni.

Leo Daktari Quevedo kasema vidonge vimeshindwa. Sasa ni ketamini, kwa dripu, polepole. Itatuliza mishipa ya fahamu, na huenda ikanipunguzia hii huzuni inayonilaza mchana kutwa. Neiva, mke wangu, alikubali kabla sijafungua mdomo. Keshokutwa asubuhi!

Nikampigia binamu Adroaldo, mfuga farasi. Kosa kubwa. Akacheka mpaka akakohoa. Eti dawa hiyohiyo ndiyo aliyochomwa farasi wake mwekundu siku ya kuhasiwa. Alianguka kama gunia.

Usingizi kwaheri.

Jumanne, 10 Juni

 Nimemuuliza Neiva: mtu akishapaishwa na dawa hii, nani anamshusha? Akasema nesi. Na nesi akienda chooni? Akaniambia ninywe supu yangu.

Halafu nikakumbuka. Daktari alisema tumbo liwe tupu. Ukila, wanaahirisha. Odilon, una akili wewe!

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Alfajiri nilitoka eti kununua gazeti, nikala pasteli mbili za kukaanga zenye jibini, za moto, nimesimama mvuani. Kliniki nikamweleza nesi kwa uso wa majonzi kwamba nilisahau. Wakaahirisha.

Ushindi wenyewe haukufika mbali. Nesi kanipanga Ijumaa, wa kwanza kabisa. Na kwenye kiti cha dirishani kulikuwa na bibi mmoja, Dona Zuleide, anayetibiwa huzuni ya miaka mingi. Kavaa soksi za sufu, anangoja dripu yake kama anayengoja keki. Alinitazama, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote: “Futa mafuta kwenye masharubu, kijana.”

Simpendi.

 Nyumbani, jikoni, Neiva alisema bila kugeuka kwamba usiku ananisikia nikilia bafuni, na huongeza sauti ya televisheni nisijue kwamba anasikia. “Nimechoka kujifanya kiziwi, Odilon.”

 

Ijumaa, 13 Juni

Ijumaa, tarehe kumi na tatu! Nani hupanga mambo haya?

Neiva alilala na ufunguo wa jiko. Nikahamia kwenye presha. Ikiwa juu, hawaanzi. Nikapanda na kushuka ngazi za kliniki mpaka nikaona nyota. Nesi akanipumzisha kwanza, akanipa maji ya kulowesha midomo, ndipo akapima. Presha ya kijana! Akanisifu kwa kufanya mazoezi.

Dona Zuleide akanishauri nichague kitu kimoja cha kutazama. Yeye hutazama soksi zake. Nikamwambia siogopi. Akasema ndiyo maana kiti changu kinatetemeka.

Dripu ikaanza. Kwanza midomo ikapotea. Kisha dari ikaenda mbali, ikaenda tu, haikusimama. Nikautafuta mkono wangu, nikauona ng'ambo ya chumba, mkono wa mtu mwingine. Nikataka kumwita mke wangu, na jina likakataa kuja. Jina la mke wangu! Giza likapanuka, nami nikawa punje ndani yake. Nikajua nimekufa, na kwamba Neiva atalazimika kurudi peke yake kwenye mvua ile.

Sauti ya nesi ikaniambia: “Uko kliniki, Odilon. Ni dawa inapita. Pumua.” Nikapumua. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Niliporudi, mashavu yamelowa. Neiva! Jina likarudi lenyewe. Dona Zuleide anadai nimeapa mbele ya mashahidi kumkata nywele bure maisha yake yote.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka shuka liko juu ya mkono. Juu ya mkono! Sikupiga kelele. Moto upo, lakini umefifia kama makaa yaliyosahaulika. Neiva alinipa chai chungu ya yerba mate, majani ya huku kwetu, nikaipokea kwa mkono wa kulia. Akageukia dirisha, mabega yakimtikisika.

Mchana hofu mpya. Vipi dawa ikiisha nguvu? Daktari alisema inaweza kufifia. Mimi nimepangiwa dripu tatu tu, na Dona Zuleide sita. Sita! Ana nini huyu bibi?

Jumanne, 17 Juni

Nilikuwa na mpango mzuri. Neiva akiwa bado anaegesha gari, nilimwambia daktari kwamba maumivu yameongezeka maradufu. Nikaguna vizuri sana. Nilitegemea aniongezee siku za dripu.

Daktari akashusha kalamu. Akasema pole sana, basi dawa hii haikufai, hakuna sababu ya kukutesa nayo. Akazifuta dripu mbili zilizobaki.  Nikapeana naye mkono wa kuagana kwa mkono wa kushoto, kulinda uongo wangu.

Nimekaa garini naogopa kuliko siku ya dripu.

Jumatano, 18 Juni

Moto unarudi kwenye vidole. Au ni woga, sijui. Usiku wa jana nilikuwa bafuni tena. Televisheni ikapanda sauti.

Asubuhi nilimweleza Neiva kila kitu. Hakukasirika. Alisogeza simu mbele yangu, akaniambia nimwambie daktari nilidanganya kwa kuogopa, sitakuwa mgonjwa wake wa kwanza kuogopa. Maneno machache tu.

Nimelitafakari kwa dhati. Ukweli? Nitaonekana mjinga! Kuna njia bora. Nitampigia nimwambie aliyekuja jana hakuwa mimi, alikuwa pacha wangu Odair, mtu mwongo tangu utotoni. Neiva ameuliza itakuwaje daktari akitaka kumwona huyo Odair.

Nimeshafikiria hilo. Maskini Odair amefariki leo asubuhi, ghafla.