Choo Kipya cha Soko na Jiwe la Jina

Jumatatu, 1 Septemba
Soko letu hapa Same linajengewa choo! Katibu wa kamati ni mimi, Zebedayo. Mlangoni litawekwa jiwe la jina. Jina la nani? La aliyekichora, bila shaka. Nimekichora leo, kabla ya chai. Ngazi tatu, na pembeni mteremko wa kupandishia viti vya magurudumu. Kazi safi.

Jumatano, 3 Septemba
Kamati imesifu mchoro. Wote, isipokuwa Ernesta, fundi cherehani, ambaye mwenyewe anatumia kiti cha magurudumu. Akauliza nani ameujaribu mteremko huo. Mwanamke huyu! Nikasema utengenezwe wa mbao, nitaupanda mwenyewe mbele ya soko zima.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimeazima kiti cha Ernesta. Nikafika nusu ya mteremko wa mbao. Mikono ikagoma. Nikarudi kinyumenyume, mbio, nikipiga yowe, mpaka kwenye magunia ya tangawizi ya Yudith, mkulima wa kijiji cha Mamba. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Ernesta hakucheka. Akanikung'uta vumbi, akasema, "Kaka Zebedayo, mimi nikitoka nyumbani asubuhi sinywi maji mpaka nirudi. Mwaka wa tisa huu. Choo cha zamani siingii." Miaka tisa tumekaa kibanda kwa kibanda. Nilidhani hapendi maji tu.

Jumanne, 9 Septemba
Kamati imempa Ernesta kazi ya kukichora upya. Wivu! Anazunguka na tepu yake, anapima watu kama anayewashonea suti. Mzee Sindato magoti hayachuchumai: atawekewa choo cha kukaa, na vyuma vya kushikilia. Simaloi, muuza maziwa kutoka tambarare, anataka pa kumlaza mtoto, na komeo linalofunga kweli. Abdulmalik haoni: anataka kamba ya kufuata kutoka getini. Nami nikachukua daftari, nikamwamkia Mzee Sindato, nikamuuliza mahitaji yake. Akaitikia marahaba, akasema nimuulize Ernesta.

Alhamisi, 18 Septemba
Mteremko mpya umemwagwa saruji. Mrefu, mpole, unapanda bila haraka. Anderson mwashi alipokwenda kula, nikachukua msumari nikaandika jina langu pale chini, herufi kubwa. Litakaa miaka mia!

Jumamosi, 20 Septemba
Ernesta ameujaribu. Akasema pale penye mikwaruzo magurudumu hayatelezi, basi Anderson aukwaruze wote. Anderson amekwaruza wote. Jina langu halisomeki.

Jumamosi, 27 Septemba
Ufunguzi. Ernesta aliingia wa kwanza, peke yake, akafunga mlango mwenyewe. Soko zima tukasubiri nje. Akatoka, mikono inachuruzika maji, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chai, akaomba maji ya kunywa. Glasi kubwa, saa tatu asubuhi! Akanywa yote, polepole, akaomba nyingine. Yudith akalia. Mimi niligeukia ukutani kidogo. Jiwe lina jina la Ernesta. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Sijawahi kuona mtu mwenye akili kama yule.

Jumatatu, 29 Septemba
Wageni kutoka Gonja wamekuja kukiona choo. Ernesta alikuwa na wateja, nikawatembeza mimi. Wakauliza mtaalamu ni nani. Sikutaka kumsumbua dada wa watu. Jumamosi napanda Gonja kuwachorea cha kwao. Nimeshaanza. Ngazi nne, maana kule ni mlimani.