Pete ya Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni 1913

Motokaa inavuja! Si yangu. Ni ya Bwana Miwani, Mjerumani anayenunua ngozi na nta hapa Dodoma. Jina lake halisi hakuna anayeliweza. Oili inadondoka kwenye kizibo cha chini, kile kinachofunguliwa kumwaga oili chafu.

Bwana kasema Jumamosi anakwenda Kondoa. Atakayeziba ataketi naye kiti cha mbele na kupiga honi. Atakayeshindwa atakwenda kwa miguu na wapagazi, hema kichwani. Washindani ni wawili: mimi Kefa, niliyesoma misheni, na Mustapha, Mrangi aliyewahi kufagia karakana ya reli na sasa anajiita fundi.

Lazima nipate kiti kile! Njia inapita Msalato, mlangoni kwa wakwe zangu. Siku nilipopeleka mahari, shemeji zangu waliuliza kama wale ni ng'ombe au mbuzi waliorefuka. Niliumia, na bado naumia. Nitapita pale kwa honi, wale vumbi langu.

Mustapha kasema kizibo kinataka pete ya shaba laini, kisha kikazwe taratibu. Taratibu! Nimekikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sasa kinavuja zaidi. Kizibo kibovu.

Jumanne, 3 Juni

Akili ni mali. Ghala limejaa nta, nasi tunahangaikia shaba! Nimechukua donge, nikalitafuna lilainike, nikalikandika kuzunguka kizibo. Hata tone! Bwana kanipigapiga begani. Mustapha kauliza kama injini imeshawashwa. Wivu tu.

Jumatano, 4 Juni

Injini imewashwa. Nta imeyeyuka. Oili imemwagikia viatu vyeupe vya Bwana.

Hayo yangevumilika. Ila nta ile haikuchujwa vizuri, na ilipopata moto ikanukia asali mtaa mzima. Nyuki wakaja kuulizia mali yao. Bwana kakimbilia ghalani, kajifunika ngozi mbichi ya ng'ombe hadi jioni. Alipotoka kasema maneno mengi ya Kijerumani. Nilichoelewa ni jina langu. Mustapha kacheka mpaka kakaa chini, nyuki mmoja akamchoma mdomo. Mungu yupo.

Alhamisi, 5 Juni

Mustapha kaenda karakana kuomba shaba. Wamemfukuza. Kumbe wanamkumbuka!

Bahati imekuja nyumbani kwangu kwa miguu yake. Mama mkwe kafika kumtembelea mke wangu, Priska. Sikioni kavaa pete ya shaba, nene, ya marehemu mama yake. Kwetu mkwe hatazamwi usoni wala hasemeshwi. Nimeiona kwa sababu nilikuwa nimejificha nyuma ya kihenge cha mtama, kwa heshima.

Nimemtuma Priska amwambie mama yake kwamba pete imefifia, na mkwewe anataka kuing'arisha. Priska kauliza nimeanza lini kung'arisha vitu. Nikasema leo. Mama mkwe kaivua kwa furaha, kasema kumbe ng'ombe walikuwa wadogo lakini moyo ni mkubwa. Hapo dhamiri ilinichoma kidogo. Ikapoa.

Ijumaa, 6 Juni

Imeenea! Pete na kizibo kama pacha. Mustapha, mdomo umevimba kama andazi, kasema basi, inatosha, usikaze zaidi. Nimechomeka bomba kwenye mpini wa spana, nikapanda juu yake kwa miguu miwili. Bwana kaiwasha injini asubuhi nzima. Chini pakavu! Kiti ni changu! Bwana mwenyewe kasema, mbele ya watu.

Nilikuwa bado uvunguni mwa motokaa nikifuta-futa nilipoona miguu. Naijua miguu ile. Mama mkwe kaifuata pete yake.

Nitoke vipi? Ningemkuta uso kwa uso. Naye kaketi chini, kando ya gurudumu. Hawezi kunisemesha, basi kaliambia gurudumu kwamba kuna wakwe wanaong'arisha vitu gizani. Mimi nikaiambia spana ilijulishe gurudumu kwamba pete imepumzika. Gurudumu likaambiwa kuwa mtu haondoki hapa bila pete yake. Jua likapanda, jua likashuka. Mgongo wangu umekufa ganzi.

Mwisho Bwana kaja, kauliza, kaelezwa, kaamuru kizibo kifunguliwe. Mama mkwe kageukia ukutani, nikachomoka. Nimejaribu mimi. Kajaribu Mustapha. Kajaribu Bwana, na bomba, mpaka miwani ikamdondoka. Hakijasogea hata unywele. Mama mkwe kaliambia gurudumu neno moja tu: pete ilipo, naye yupo.

Jumamosi, 7 Juni

Bwana hawezi kungoja. Tena nta yake nyingi hutoka kwenye mizinga ya kaka zake mama mkwe. Kampandisha kiti cha mbele. Kiti changu!

Kuna nafasi nyuma, juu ya mizigo. Lakini mkwe anakaaje nyuma ya mama mkwe, akimpumulia kisogoni? Haiwezekani. Kapanda Mustapha. Mimi nimetwikwa hema.

Kwa njia hii mbovu motokaa inakwenda mwendo wa wapagazi, na honi nimeisikia kutoka Dodoma hadi Msalato. Mama mkwe hakuiachia. Kijiji kizima kimetoka, wanawake wakipiga vigelegele, shemeji zangu wakikimbia kando ya gari na kumwita mama yao malkia. Mimi nimepita porini nyuma ya miiba, nisionekane. Imeniuma sana. Nasema kweli.

Lakini sijashindwa! Pete haikutoka kwa sababu nani aliikaza? Mimi. Ingekuwa taratibu za Mustapha, ingefunguka, na mama huyu angekuwa nyumbani kwangu sasa hivi. Safari hii yote ni kazi ya mikono yangu.

Motokaa imesimama mbele kidogo, kwenye mchanga wa korongo. Mustapha kaja kusema birika la mbele, lenye maji ya kupoza injini, linavuja kwenye bomba lake, na kwamba Bwana kaagiza nisiliguse. Nisiliguse! Watalizibaje?

Mama mkwe amejipumzisha kivulini. Mkono wa kushoto ana bangili mbili za shaba. Nimemtuma mpagazi mmoja akamwambie zimefifia.